DAWA YA MAFUTA YA DAMU NA UGONJWA WA SUKARI

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Marungu



Halmashauri ya tawi letu imetuagiza tuseme nanyi leo juu ya jambo ambalo si mshahara wala si saa za kazi, ila limekwisha kuwatoa wenzetu kazini, kwa hiyo ni jambo la chama. Ni habari ya vidonge vya kupunguza kolesteroli, yaani mafuta yaliyomo katika damu, na ya maneno yanayopita katika simu zetu ya kuwa vidonge hivyo huleta ugonjwa wa sukari. Sisi si madaktari. Tumeuliza wanaojua, tumesoma, na tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea. Atakayesikia hapa jambo linalomhusu, alipeleke kwa daktari wake kabla ya kufanya lolote.

Twaanza na wenzetu wawili. Majina hatuyataji, maana wametupa ruhusa ya kusimulia, si ruhusa ya kuwataja.

Wa kwanza ni dereva wa trela, mtu wa miaka 56, ambaye wengi wenu mmekula naye pale barabarani Maungu. Alikuwa na presha, na mwaka juzi alishikwa na maumivu ya kifua, akalazwa, akatoka hospitali na vidonge vya aina nne. Kimoja, cha kumeza jioni, kilikuwa cha mafuta. Alikimeza miezi saba. Halafu akaletewa katika simu sauti ya mtu asiyemjua, ikisema ya kuwa vidonge vya mafuta huharibu mwili, huleta sukari, na watu wanakatwa miguu. Ndugu yetu huyu ana dada aliyekatwa mguu kwa ajili ya sukari. Alivitupa vidonge siku ile ile, asimwambie mkewe wala daktari. Hata mwaka haukuisha, akaanguka alfajiri akienda kuoga. Mkono wake wa kuume hauna nguvu mpaka leo, na leseni yake iko kabatini. Hatusemi ya kuwa kuacha kidonge ndiko kulikomwangusha. Hakuna awezaye kuapa hivyo juu ya mtu mmoja. Lakini alikuwa mtu wa hatari, na ngao moja aliitupa mwenyewe kwa neno la mtu asiyemjua.

Wa pili ni mama mmoja, mpishi katika kambi ya watalii. Yeye alipewa kidonge cha mafuta cha nguvu kubwa, na siku ile hakuna aliyempima sukari. Baada ya mwaka na nusu kiu ikawa haiishi, usiku akawa anaamka mara tano kwenda haja ndogo. Alipopimwa, sukari ilikuwa 17. Alikuja ofisini kwetu na pakiti mkononi, akaitupa mezani, akasema, “Hii ndiyo iliyonipa sukari.” Tulimwelewa. Lakini baadaye binti yake, akitafuta vyeti vya watoto, alikuta kadi ya zamani ya kliniki, ya miaka mitatu kabla ya kidonge. Ndani yake mmeandikwa sukari ya asubuhi, kabla ya kula: 6.6. Namba hiyo si ya mtu aliyesalimika, wala bado si ya mgonjwa wa sukari. Ni ya mtu ambaye ugonjwa umefika uani mwake. Aliyeandika aliandika, akafunga kadi, akaita mgonjwa mwingine.

Ndugu, watu hawa wawili walidhurika kwa jambo moja, nalo ni kutoambiwa. Mmoja hakuelezwa kidonge chamkinga na nini. Mwingine hakuelezwa sukari yake imefika wapi.

Sasa tujibu swali lenyewe. Je, ni kweli vidonge hivi huleta ugonjwa wa sukari? Ndiyo, kuna kweli ndani yake. Hatutaki kuwaficha, maana kuficha ndiko kunakowapa nguvu wenye kusema uwongo. Lakini kweli hiyo ina kipimo chake, na mtu akipewa kweli bila kipimo ni sawa na kupewa dawa bila kijiko.

Vidonge hivi huitwa statini. Pakiti zenu zitakuwa na jina la atorvastatini, simvastatini au rosuvastatini, na nyingine zipo. Asili yake ni kuvu. Mjapani mmoja, Akira Endo, mtoto wa wakulima wa kaskazini ya Japani, alichunguza aina zipatazo 6,000 za viumbe vidogo vya namna ya kuvu, akitafuta kitu cha kulizuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi. Alikipata mwaka 1973 katika kuvu la rangi ya buluu na kijani lililotoka kwenye mchele wa Kyoto, la jamaa ya lile mnaloliona juu ya ugali uliosahauliwa. Bwana Endo alifariki mwezi wa Juni 2024, na kidonge cha kwanza cha namna hii kiliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987.

Wengi hudhani mafuta ya damu hutoka katika sufuria tu. Sivyo. Kolesteroli nyingi hutengenezwa na ini lenyewe, ndiyo maana hata mtu mwembamba, asiyegusa nyama ila sikukuu, aweza kuwa nayo nyingi. Statini huzuia kazi hiyo ndani ya ini. Ini likipungukiwa, huanza kuyavuta yaliyomo katika damu, na mishipa hupata nafuu. Mafuta yakizidi miaka mingi hujishika katika kuta za mishipa kama masizi katika bomba la jiko, na siku moja mshipa wa moyo huziba, au wa kichwa. Wa moyo ukiziba ni shtuko la moyo. Wa kichwa ni kiharusi.

Mwaka 1994 madaktari wa nchi za Scandinavia walitoa hesabu ya watu 4,444 waliokuwa wamekwisha kupata ugonjwa wa moyo. Nusu walipewa simvastatini, nusu kidonge kisicho na dawa, kwa muda wa miaka mitano na zaidi. Katika wale wasiopewa dawa walikufa watu 256. Katika waliopewa walikufa 182. Ndugu zangu, hizo ni roho 74. Tangu hapo hakuna daktari mwenye akili anayebisha ya kuwa vidonge hivi huwafaa waliokwisha kushikwa na moyo au kiharusi.

Habari ya sukari ilichelewa, na mwanzo wake ni wa kuchekesha. Mwaka 2001 uchunguzi wa wanaume wa Scotland ulionyesha kana kwamba statini huzuia sukari! Watu wakafurahi. Mwaka 2008 ukaja uchunguzi mwingine wa watu 17,802, na huo ukasema kinyume: waliomeza rosuvastatini, 270 walipata ugonjwa wa sukari, na waliomeza kidonge kitupu, 216. Basi wataalamu wakakusanya hesabu za chunguzi 13, zenye watu 91,140, wakazichapisha mwaka 2010. Wakakuta ya kuwa wanaomeza statini huzidi kidogo kwa kupata sukari, kama 9 kwa mia juu ya wasiomeza. Mwezi wa Februari 2012 wakuu wa dawa wa Marekani wakaagiza jambo hili liandikwe katika karatasi ya dawa. Kwa hiyo si siri. Limo katika ile karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti, ambayo sisi huitupa kabla ya kufika nyumbani, na ambayo hata tusingeitupa imeandikwa kwa Kiingereza cha herufi za sisimizi.

Hiyo “9 kwa mia” ndiyo inayotumiwa kuwatisha watu, maana asiyejua hufikiri ya kuwa katika watu mia, tisa watapata sukari kwa kidonge. Sivyo kabisa. Wataalamu wale wale walihesabu hivi: watu 255 wakimeza statini kwa miaka minne, mmoja zaidi atapata ugonjwa wa sukari kuliko ambavyo ingekuwa bila dawa. Mkitaka kuwaona watu 255, chukueni matatu 18 za abiria 14, zijae zote, na watu watatu wabaki stegi. Katika msafara wote huo, toka hapa mpaka Mombasa, ni mmoja. Na katika msafara huo huo, kwa miaka hiyo hiyo, kama watano wataepukana na shtuko la moyo au kifo cha moyo, nao hatujahesabu viharusi.

Twaomba mweke mambo hayo mawili katika mizani moja. Sukari ni ugonjwa mbaya, hatuudharau. Lakini sukari iliyoonekana mapema huzuiliwa kwa chakula, kwa mwendo na kwa vidonge, na mtu akafanya kazi yake miaka 20. Moyo uliosimama barabarani kati ya Maungu na Voi usiku wa manane hauna vidonge.

Mwaka 2024 hesabu ilifanywa tena, kubwa zaidi, chunguzi 19 na watu 123,940. Ilionyesha jambo ambalo yafaa tulishike sana: nguvu ya kidonge. Wenye kumeza kiasi kidogo au cha wastani walizidi kwa 10 kwa mia. Yaani katika watu 1,000, kwa mwaka mmoja, badala ya 12 kupata sukari walipata 13. Lakini wenye kumeza kiasi kikubwa walizidi kwa 36 kwa mia, na katika watu 1,000 walitoka 35 wakafika 48. Msishangae kwa nini namba za mwisho ni kubwa hata kwa wasiomeza dawa: katika chunguzi hizo watu walipimwa sukari mara nyingi zaidi, na atafutaye hupata. Hata hivyo tofauti ni ya kweli.

Jambo la pili katika hesabu ile ndilo lililotufanya tuitishe mkutano huu. Wataalamu waliwapanga watu kwa sukari waliyokuwa nayo kabla ya kuanza dawa. Robo moja, ile iliyokuwa juu kabisa, karibu na mpaka, ndiyo iliyotoa kama watu 62 katika kila 100 waliopata ugonjwa. Kidonge hakikumtafuta mtu yeyote tu njiani. Wengi wa aliowasukuma walikuwa wamesimama ukingoni. Mama yetu mpishi alikuwa ukingoni na kadi yake ilisema hivyo.

Kwa nini kidonge cha ini kiguse sukari? Bado wanatafuta, lakini wamekwisha kupata nusu ya jibu. Kuna watu waliozaliwa na ile kazi ya ini imepunguzwa kidogo tangu tumboni, bila dawa yoyote, nao wameonekana kuwa na uzito zaidi kidogo na sukari zaidi kidogo. Basi si uchafu katika kidonge wala si dawa bandia. Ni jambo linalofuatana na kazi yenyewe. Hata katika chunguzi za vidonge uzito uliongezeka, ijapokuwa ni robo kilo tu kwa miaka minne.

Mtauliza, hesabu hizi ni za Wazungu, sisi je? Ni swali zuri, nasi tuliliuliza. Chunguzi nyingi zilifanywa mbali na kwetu, hilo ni kweli na si haki. Lakini uko mmoja uliofanywa katika nchi 12, na Uganda ilikuwamo, pamoja na Zimbabwe, Botswana na Afrika ya Kusini. Ulikuwa wa watu 7,769 wanaoishi na virusi vya ukimwi, walio katika dawa zao, umri wa miaka 40 mpaka 75. Walipewa pitavastatini au kidonge kitupu, na habari ikatolewa mwaka 2023. Mashtuko ya moyo, viharusi na mabaya ya namna hiyo yalipungua kwa 35 kwa mia, hata uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa faida ilikwisha kuonekana. Na sukari? Waliomeza dawa, 5.3 katika mia waliipata, wasiomeza, 4.0. Ni hadithi ile ile: faida kubwa, na gharama ndogo iliyo ya kweli. Wale kati yetu wanaomeza dawa za virusi na wakapewa na statini, wajue ya kuwa kuna dawa za virusi zisizopatana na baadhi ya statini. Mwonyesheni daktari pakiti zote, hata ile mnayoificha.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1929 daktari mmoja wa Kiingereza aliyekuwa Kisii aliandika ya kuwa katika wagonjwa wake wa miaka miwili hakuona presha hata moja. Babu zetu walitembea, walilima, walipanda Milima ya Taita na mzigo kichwani. Mwaka 2015 Serikali ilipopima watu wazima wa Kenya, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na presha. Na katika hesabu ile ile, watu 88 katika 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata siku moja. Tunasimama hapa tukibishana kama kidonge kinaleta sukari, na wengi wetu hatujui sukari yetu ni ngapi! Mtu atajuaje kama ameibiwa, ikiwa hakuwahi kuhesabu fedha zake?

Basi hili ndilo tunalolitaka. Mtu asianzishwe statini kabla ya kupimwa sukari, na akishaanza, apimwe tena angalau mara moja kwa mwaka. Apimwe asubuhi kabla ya kula. Ikiwa ni 7.0 au zaidi, na ikarudiwa siku nyingine ikawa hivyo, huo ni ugonjwa wa sukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, yuko ukingoni. Kiko na kipimo kingine kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita, na hicho hakitaki mtu awe na njaa. Mpaka wake ni 6.5. Andikeni namba zenu. Yafaa mfanya kazi aijue sukari yake kama ajuavyo namba yake ya kazi.

Aliye ukingoni asikimbie kidonge. Amwulize daktari: je, kiasi cha wastani chatosha kwangu? Pengine chatosha. Kwa mtu aliyekwisha pata shtuko la moyo, pengine hakitoshi, na daktari atataka kikubwa, na ana haki ya kutaka. Lakini swali liulizwe. Bwana daktari ana wagonjwa 60 mlangoni na hana nafasi ya kukumbuka kila kitu. Mkumbusheni kwa adabu, wala msiondoke mpaka amejibu.

Wako wanaosema, “Mimi sina mahali pa kupimwa, Voi ni nauli.” Mwaka 2023 Serikali iliwapa wahudumu wa afya wa vijijini mifuko ya kazi, na ndani yake mna mashine ya presha na kidude cha kupimia sukari. Ni tone moja la damu ya kidole. Mtafuteni wa mtaa wenu. Akisema vijikaratasi vya kipimo vimekwisha, leteni habari hiyo kwetu kwa maandishi na tarehe, maana hatuwezi kwenda kwa wakubwa wa kaunti na manung’uniko matupu.

Tunajua pia sababu ya kweli inayowazuia wengi, hasa madereva na walinzi, nayo si nauli. Ni woga. Mtu afikiri: nikionekana na sukari, bosi atanitoa. Woga huo hatuucheki. Tumewaona waliopimwa kazini na majibu yakasomwa mbele ya watu kama matokeo ya mpira. Lakini sheria iko upande wetu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema habari za mgonjwa ni siri yake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe mfanya kazi apatapo ugonjwa ana dawa zinazofaa, na yampa aliyetimiza miezi miwili kazini siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu. Kwa hiyo katika mazungumzo yajayo tumeweka dai hili: kila mahali pa kazi, kupima presha na sukari mara moja kwa mwaka, kwa gharama ya mwajiri, ndani ya saa za kazi, na majibu yatiwe mkononi mwa mfanya kazi mwenyewe, yasipitie mezani kwa karani wala kwa msimamizi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, nao wameanza kuikwepa. Wanasema watagharimia kipimo ila wanataka orodha. Sisi tumekataa orodha. Kipimo cha orodha si kipimo cha afya, ni msasa.

Kwa madereva twaongeza neno. Ugonjwa wa sukari peke yake haumfukuzi mtu katika usukani. Wenye kumeza metformini tu, si rahisi sukari kuwashukia ghafula. Wenye kudunga insulini na wenye vidonge vya namna fulani, hao yawapasa kupima kabla ya kuondoka, na kuwa na kitu kitamu karibu na mkono. Mwulizeni daktari vyenu ni vya namna gani.

Na chakula? Hatutakaa sana hapo, maana kila mkutano mna mtu wa kutuhubiria mboga. Tutasema moja lenye hesabu. Mwaka 2002 Wamarekani walitoa habari ya watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa sukari. Waliopunguza uzito kwa 7 kwa mia na kutembea dakika 150 kwa wiki, ugonjwa ulipungua kwao kwa 58 kwa mia, kupita hata waliopewa vidonge. Kwa mtu wa kilo 80 hiyo ni kilo tano na nusu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mkata mkonge na mchunga ng’ombe wa ranchi wanafanya hayo kabla ya chai. Mwenye haja ni dereva, mlinzi wa getini, na sisi wa ofisini. Chakula cha barabarani ni chapati, soda na chai ya vijiko vinne. Kimanga, kunde na pojo zimebaki nyumbani kwa mama. Anayemeza kidonge na akatembea, sehemu kubwa ya ile hatari ndogo ameilipia mwenyewe.

Baada ya maneno haya wanachama waliuliza maswali, nasi twayaandika kwa ajili ya ambao hawakufika.

Mwanachama kutoka Kasigau aliuliza kama mwenye sukari tayari aache statini. Hapana. Mwenye sukari ndiye hasa mishipa yake imo hatarini, na wengi wao waliopita miaka 40 hushauriwa kuimeza.

Mama mmoja aliuliza habari ya mimba. Mwenye mimba, au anayetaka kuzaa, au anayenyonyesha, amwambie daktari mara moja. Kwa kawaida dawa hii husimamishwa.

Kijana wa gereji aliuliza juu ya kitunguu saumu na ndimu badala ya kidonge. Tulimjibu ya kuwa kitunguu saumu ni kizuri katika mchuzi. Mzee mmoja alikasirika, akasema babake aliishi miaka 90 kwa kitunguu. Tulimpa pole kwa kumkatiza, lakini jibu letu halikubadilika: aliyelazwa kwa moyo asibadilishe kidonge kwa kitunguu.

Mlinzi mmoja aliuliza maumivu ya misuli. Yapo kwa baadhi ya watu. Yakiwa makali, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, asingoje, aende hospitali siku hiyo.

Mwishowe aliinuka ndugu yetu dereva mwenyewe, ameshika kiti kwa mkono wa kushoto. Alisema maneno machache, kwa taabu, ya kuwa sasa anameza tena kila jioni, na ya kuwa amepimwa sukari mara mbili: 5.4 na 5.5. Alisema hata siku ile aliyovitupa vidonge, sukari yake haikuwa na neno. Ni vile tu hakuwa amejua.

TANGAZO. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa moja asubuhi, wahudumu wawili wa afya watakuja mahali petu pa mikutano na mashine zao. Njoni bila kula tangu usiku; maji matupu yaruhusiwa. Anayetumia dawa za sukari au insulini asilale na njaa bila kumwuliza daktari. Yeye ale, aje, atapimwa vile vile. Kila mtu alete pakiti za dawa zake zote na kadi za kliniki, hata za zamani, hata zilizochanika. Karatasi ya majibu utapewa wewe, na nakala hatutaweka. Waliotoka kazi ya usiku watatangulia mstarini. Chai itapikwa kwa wote baada ya kupimwa, na sukari itakuwa mezani katika bakuli, kila mtu ajitilie mwenyewe.